Mtungi uliopakwa rangi, dirisha la ndege na maswali mengine

Tuliupaka mtungi wetu rangi ya mafuta upendeze. Tangu siku hiyo maji hayapoi. Kwa nini? (Msomaji, Dodoma)

Rangi imeziba vitundu vya udongo. Mtungi mzuri ukiupapasa kwa nje una unyevunyevu, kwa sababu maji hupenya polepole kutoka ndani, na yanapokauka huondoka na joto. Gramu 1 tu ikigeuka mvuke hubeba joto la kutosha kushusha nusu lita ya maji kwa digrii 1 hivi. Nunueni mwingine, muuweke kivulini penye upepo. Tena nyie mna hewa kavu; mtu wa Tanga wakati wa masika hapati ubaridi huo, maana hewa yake imeshajaa unyevu.

Kwa nini madirisha ya ndege hayana pembe? (Mwanafunzi, Entebbe)

Habari yenyewe inapita hapo kwenu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza aina ya Comet, ya kwanza ya jeti kuanza safari za ratiba za abiria, iliondoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa kituo kimojawapo. Ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954. Watu wote 35 walikufa. Aprili, Comet nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, wakachukua Comet nzima, wakaizamisha bodi yake kwenye tangi la maji, wakawa wanaongeza shinikizo la ndani na kulipunguza, tena na tena, kama inavyotokea kila ndege inapopaa na kutua. Mwishowe ikapasuka, ufa umeanzia kwenye kona ya dirisha. Bati likivutwa, nguvu hujikusanya penye kona, na hapo ndipo linapochoka kwanza.

Wengi husimulia kwamba Comet ilikuwa na madirisha ya mraba kamili. Sivyo. Kona zake zilikuwa zimepindwa, ila hazikupindwa vya kutosha. Na mabaki yaliyoopolewa Elba yalionyesha ufa ulianzia kwenye tundu la antena juu ya paa, ambalo abiria hata hakuliona. Kila nikikaa karibu na dirisha la ndege huwakumbuka watu wale.

Mbona kitunguu kibichi kinaliza, kilichopikwa hakilizi? (Mama lishe, Morogoro)

Kisu kikivunja chembe za kitunguu, vimeng'enya, yaani vichochezi vya asili vilivyomo ndani yake, hukutana na kemikali yenye salfa na kutoa gesi inayochoma macho. Moto huviharibu vimeng'enya hivyo. Noa kisu, mama. Kisu butu huponda chembe nyingi zaidi.

Kwenye simu 1 iko juu, kwenye kikokotoo 7 ndiyo iko juu. Mimi ni wakala wa pesa, nakosea mara kwa mara. (Msomaji, Kisumu)

Mashine za hesabu zilikuwa zimeshazoea 7 juu. Wahandisi wa simu wa Bell, Marekani, walijaribisha mipangilio mbalimbali ya vitufe kwa watu, wakatoa matokeo mwaka 1960, na simu zikachukua 1 juu. Hata kikokotoo kilicho ndani ya simu yako kimebaki na 7 juu, kwa hiyo kidole kinadanganyika ndani ya kifaa kimoja. Msomee mteja nambari na kiasi kwa sauti kabla hujatuma.