Mchungaji, usishike hela ya bati

Juzi usiku mchungaji kijana, mwaka wa pili huu tangu abarikiwe, kaniandikia: "Baba Mchungaji, shikamoo. Wazee wamenigeuka kwa ajili ya hela ya ujenzi, na Mungu anajua sijala hata shilingi. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu mpaka mke wangu akauliza kuna msiba gani. Nikamjibu, huyu ni mimi wa mwaka 2014.

Nilikuwa mchungaji kiongozi wa usharika mmoja wa kijijini. Kanisa kuta tupu, tunasali chini ya turubai. Nilikuwa na moto! Baada ya ibada nanadi mwenyewe sadaka za mazao, mkungu wa ndizi, jogoo, trei la mayai, na hela naitia kwenye bahasha yangu. Watoto wa usharika walioko mjini wanatuma michango kwa simu, kwenye namba yangu. Mtunza hazina alikuwepo, mzee mtaratibu, ila mimi niliona anatuchelewesha. Bati nilikwenda kununua mwenyewe, nikapanda nazo juu ya lori hadi kijijini. Kwa miezi minane kanisa likaezekwa. Nasema kweli mbele za Mungu, kazi hiyo ilikuwa imewashinda walionitangulia kwa miaka 11.

Ukafika mkutano mkuu wa usharika. Mzee mmoja, niliyembatizia wajukuu wawili, akasimama na daftari lake. "Mchungaji, bati 80 za awamu ya pili, risiti iko wapi?"

Ninayo, nikasema. Risiti zote niliziweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba wa Biblia. Nikaitoa mbele ya watu. Karatasi nyeupe. Mnaopokea risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, mnajua, maandishi yake hufutika kwa joto, na mkoba ule ulishinda juani kwenye pikipiki miezi mingi. Nikaigeuza huku na huku, nikaielekeza dirishani. Kilichobaki ni nusu ya tarehe. Nyuma mtu akaguna. Mguno ule nausikia hadi leo.

Baada ya wiki mbili dukani wakatoa nakala, hesabu ikakutwa sawa. Vikao vilivyofuata sitaki kuvisimulia. Mwaka uliofuata nikahamishwa, na hakuna hata mmoja aliyesimama kanisani kusema, "Baba, tulikukosea."

Wazee wale niliwashikilia moyoni muda mrefu. Kilichonifungua ni Matendo 6, sura niliyoihubiri mara nyingi bila kuisoma vizuri. Wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, watu wananung'unika. Mitume hawajitetei. Wanachaguliwa watu 7: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Angalia majina hayo, yote ni ya Kiyunani. Kapu limekabidhiwa upande uleule uliolalamika! Na Paulo, 2 Wakorintho 8, anapopeleka changizo anafuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu. Paulo mzima! Mimi ni nani nipande lori peke yangu?

Basi, mdogo wangu, usishike hela. Sadaka ihesabiwe palepale kanisani na watu wasiopungua watatu, wewe ukiwa mlangoni unasalimia waumini. Namba ya michango isiwe yako wala ya mama mchungaji. Risiti itolewe nakala siku hiyohiyo. Wakikwambia "tunakuamini, Baba, shika tu", kataa, maana wanaokwambia hivyo leo ndio watakaonyamaza siku ya mkutano. Usishike hela.

Wachungaji wenzangu, tuambiane ukweli. Tunapenda kushika. Tunasema ni bidii kwa ajili ya nyumba ya Bwana, kumbe hatutaki kuulizwa. Anayetuuliza tunamwita mpinzani, tunamwombea kwa jina madhabahuni kana kwamba ana pepo. Tutubu! Kundi si letu.

Usharika niliopo sasa yuko mama mmoja ambaye haachi kuhoji. Niliomba wamweke kwenye kamati ya ujenzi, akawekwa. Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, kanipigia kuuliza mfuko mmoja wa saruji umekwenda wapi. Nikamwambia amuulize fundi, ufunguo wa stoo mimi sina. Nikazima taa, nikalala.