Baiathloni ya nyumbani usiichukulie poa, mi yalinikuta Tabora

Nilivyosikia kuna baiathloni, mashindano ya kukimbia na baiskeli, hapa hapa Tabora nikaona hii mteremko. Hamna nauli, hamna kulala gesti, naamka kwangu nanawa uso naenda. Kumbe hapo ndo nilishaanza kushindwa, mana ukisafiri kwenda kushindana watu wanakuacha, ila ukiwa nyumbani nani anajua una mashindano? Siku moja kabla nikatumwa kupeleka mahindi mashine, kurudi nakuta wageni, nikawasindikiza mpaka stendi, nikaingia kitandani saa saba usiku. Siku hizi naaga kabisa siku mbili kabla, naenda kulala kwa mshkaji wangu kule mtaa wa Isevya na simu nazima, wakasirike tu.

Niweke sawa jambo moja, mana kuna jamaa aliniuliza bunduki yako iko wapi. Baiathloni yenyewe, ile ya Olimpiki ya baridi, ni skii na bunduki, mtu anateleza kwenye theluji kabeba silaha mgongoni, anafika anapiga shabaha tano umbali wa mita 50, na kwenye mbio zao nyingi kila ukikosa moja unazungushwa mita 150 za adhabu. Ya kwetu ilikua kukimbia kilomita 5, baiskeli 20, afu kukimbia tena 2 na nusu. Wenye mchezo wao wanaita duathloni lakini mtaani jina lishakaa, utambishia nani. Ila wale wa bunduki wana akili moja nimeiba kwao, wakikaribia sehemu ya kulenga wanapunguza mwendo, sababu moyo ukiwa unagonga sana mtutu hautulii.

Mi sikupunguza. Baiskeli yangu ni Phoenix, haina gia wala nini, na kilomita ya mwisho nilikanyaga kama nafukuzwa kwa vile tulikua tunapita mtaani kwetu na watoto wanaita jina langu. Nikashuka, nikaanza kukimbia, mapaja magogo mawili, nanyanyua goti linakuja nusu. Jamaa niliyekua nimempita mbali kule akanipita anatembea haraka, sitanii, ANATEMBEA. Sa dawa yake ni mazoezi ya kuunganisha: piga baiskeli kilomita 10 kwa nguvu, ukifika itupe hapo hapo ukimbie kilomita moja bila kupumzika hata dakika, mara mbili kwa wiki. Mi miguu ilichukua kama wiki tatu kuzoea. Na siku yenyewe mita mia tano za mwisho kanyaga polepole, utaona kama unapoteza muda lakini unaurudisha ukishuka. Siti nayo pandisha, pedeli ikiwa chini mguu ukaribie kunyooka, wengi tunaendesha na siti iko chini kama ya kubebea mkaa ndo mana magoti yanalia.

Pancha sasa. Tulitoka lami tukashika njia ya Kwihara, kule kwenye tembe alilokaa Livingstone, na pembeni ya njia mbigili zimejaa. Kila mtu alikua anakimbilia pembeni kukwepa mchanga, na mi nikafata, pssss. Nikatoa tyubu mpya fasta, nikavalisha, nikajaza upepo, najiona fundi, mita mia mbili mbele pssss tena. Mwiba ulikua bado umechomoza ndani ya tairi na mi sikupitisha vidole kuutafuta! Kwahiyo kabla hujaweka tyubu nyingine papasa tairi lote kwa ndani, taratibu. Beba na spana ya nati, pampu, viraka na solusheni, usitegemee fundi wa njiani, siku ya mashindano na yeye kaenda kuangalia.

Jua la mwezi wa tisa mnalijua wenyewe. Tuliambiwa saa moja tunaanza, tukaanza saa mbili na nusu tunamsubiri mgeni rasmi, na watu wakawa wamesimama kwenye mstari muda wote huo wanakaangwa. Wewe kaa chini ya mwembe na maji yako, filimbi utaisikia. Chupa yangu siku hizi naweka asali vijiko viwili na chumvi kidogo, asubuhi nakula matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha) na karanga chache masaa mawili kabla, basi. Baba mdogo ananicheka, anasema mababu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu wewe kilomita 5 mpaka upikiwe ratiba.

Kuhusu kupita mbele ya ndugu sina ushauri mzuri. Mama mdogo alinisimamisha katikati ya mbio, jagi la uji wa maziwa mkononi, "mwanangu utaanguka, kunywa kwanza", na unamkataliaje mtu aliyekulea mbele ya majirani, nikanywa nusu kikombe, kichomi kikanishika mpaka mwisho. Nikamaliza wa 31 kati ya 38. Mwaka huu nimemuomba asije, amesema anakuja na jagi kubwa zaidi, kwahiyo nimeamua pale kwake napita nimeangalia upande wa pili.