Hesabu ilikuwa +6, mbona nilipigwa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naishi New Jersey. Nimejifunza kuhesabu karata kwa video za mtandaoni (ndogo ikitoka naongeza moja, kubwa ikitoka napunguza moja), na nyumbani namaliza pakiti nzima bila kukosea. Jumamosi nilikwenda Atlantic City kujaribu blakijeki, mchezo wa kukaribia 21 bila kuvuka, kwa mara ya kwanza, meza ya pakiti sita, dau la chini dola 25. Hata pakiti moja haijaisha, hesabu ikafika +6. Nikapandisha dau hadi dola 100. Nikapata 15, mgawaji anaonyesha mzungu, karata ya picha inayohesabiwa kumi. Nikajua karata kubwa zinakuja, nikaogopa kuvuka 21, nikasimama. Akanifunga. Raundi zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Furaha yangu ilikuwa moja tu, ree na mfalme, yaani 21 kwa karata mbili, kwa dau la dola 25, nikalipwa dola 30. Nimepoteza zaidi ya dola 400 na nataka kurudi kuzikomboa. Kuna kundi la WhatsApp wanauza programu ya simu inayohesabu yenyewe, dola 150. Je, nilikosea kuhesabu? Ninunue? Na naweza kukamatwa kwa kuhesabu?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo yako sioni kosa la kuhesabu. Kosa ni kwamba ulijiona unajua karata zinazokuja. Nimegawa karata kasino kabla sijaanza kufundisha takwimu, na mpaka leo barua ninazopata kuhusu blakijeki karibu zote zina kosa hilo hilo: mtu anaamini hesabu inamwambia karata inayofuata. Haimwambii. Haijawahi kumwambia mtu yeyote.

Twende na namba zako. Ulikuwa na +6, lakini hiyo ni hesabu ghafi. Kisandukuni, humo mgawaji anamotolea karata, zilibaki pakiti tano hivi, na hesabu ghafi lazima igawanywe kwa pakiti zilizobaki. Sita gawanya kwa tano ni 1.2. Hiyo ndiyo hesabu halisi, na ndiyo peke yake yenye maana. +6 hiyo hiyo pakiti moja ikiwa imebaki ni habari kubwa. Mwanzoni mwa kisanduku cha karata 312 ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa angalia 1.2 inabadilisha nini. Katika pakiti kamili, kumi na wazungu ni karata 16 kati ya 52, yaani karibu 31 katika kila 100. Hesabu halisi ikiwa 1.2, zinakuwa karibu 32 katika kila 100. Umesoma vizuri: kutoka 31 hadi 32. Hayo ndiyo yote uliyokuwa unayajua zaidi ya mtu aliyekaa pembeni yako akinywa soda bila kuhesabu chochote. Ukasimama na 15 mbele ya mzungu kana kwamba umeiona kumi juu ya kisanduku. Kanuni ya msingi, yaani uamuzi bora wa kila mkono bila kuhesabu, inasema 15 dhidi ya kumi uombe karata, na hesabu halisi inatakiwa ifike kama +4 ndipo kusimama kuwe bora. Hukupigwa na bahati mbaya tu hapo. Ulicheza vibaya kwa sababu uliipa hesabu uwezo isio nao.

Mwanahisabati Edward Thorp alipotoa kitabu chake cha kuhesabu karata mwaka 1962, baada ya kukokotoa kwa kompyuta ya IBM 704 pale chuo cha MIT, hakudai kutabiri karata. Alionyesha kitu cha kiasi zaidi: karata iliyokwisha kutoka haiwezi kutoka tena mpaka zichangwe upya, kwa hiyo nafasi ya mchezaji hupanda na kushuka kadiri kisanduku kinavyoisha. Kila pointi moja ya hesabu halisi inakusogezea karibu nusu asilimia. Mhesabuji hutumia habari hiyo kuamua dau liwe kiasi gani, na mara chache kubadilisha uamuzi fulani mezani. Basi. Muda mwingi anakaa anacheza dau la chini, hesabu ikizunguka sifuri, akipoteza kidogo kidogo huku akingoja.

Kuna jambo jingine ulilolitaja kama furaha, na mimi limenisikitisha kuliko ile 15. Ree na mfalme, dau dola 25, ukalipwa dola 30. Hiyo ni meza inayolipa 6 kwa 5, yaani dola 6 kwa kila dola 5 za dau. Meza ya 3 kwa 2 ingekulipa dola 37 na senti 50. Angalia kitambaa cha meza, malipo huwa yameandikwa hapo kwa herufi zinazosomeka vizuri, na watu wanaweka chipu zao juu yake bila kuyasoma. Tofauti hiyo inaiongezea nyumba, yaani kasino, karibu asilimia 1.4. Meza ya kawaida, ukicheza kwa kanuni ya msingi bila kukosea, nyumba inakuzidi karibu nusu asilimia. Meza yako ilikuzidi karibu asilimia 2 kabla hujahesabu karata ya kwanza. Hesabu yako ya 1.2 ilirudisha kama 0.6. Kwa hiyo ulipopandisha dau mara nne ukidhani umeshika usukani, nyumba ilikuwa bado inakuzidi kwa zaidi ya asilimia moja. Kwenye meza hiyo hesabu halisi inatakiwa ifike +4 hivi ndipo mlingane tu. Mhesabuji anayejua kazi yake haketi hapo kabisa.

Video hizo hazikukufundisha hili, na najua kwa nini. Kuonyesha mtu anamaliza pakiti kwa sekunde chache kunavutia. Kumwambia mtu asimame nyuma ya meza, asome malipo, kisha aondoke bila kucheza, hakuvutii.

Tuseme basi ungepata meza nzuri, ukacheza bila kosa, na kwa wastani ukawa na faida ya asilimia moja. Raundi 80 ni kama saa moja ya mchezo. Faida unayoitarajia ni chini ya dau moja, 0.8 hasa. Lakini mtikisiko wa kawaida wa bahati katika raundi 80 ni kama madau 10, juu au chini. Bahati inauzidi ujuzi wako zaidi ya mara kumi. Ili faida unayotarajia ilingane tu na mtikisiko huo unahitaji raundi zipatazo 13,000, saa zaidi ya 160 mezani bila kulegea, pamoja na mtaji wa kuvumilia mabonde yote ya katikati. Thorp mwenyewe alipokwenda Nevada kujaribu hesabu zake alikwenda na dola 10,000 za wafadhili, enzi hizo za pakiti moja. Timu za wanafunzi wa MIT zilizokuja baadaye ziliunganisha mitaji na watu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo dola 400 zako hazithibitishi kwamba kuhesabu ni uongo. Na ungeshinda 400 zisingethibitisha kwamba unaweza. Hapa ndipo wauzaji wa njia za mkato wanapopata riziki, na hapa uvumilivu wangu unaisha.

Chukua watu 100 wasiojua kuhesabu, wakae kwenye meza mbovu kama yako, kila mmoja acheze raundi 80 kwa kanuni ya msingi. Arobaini na kitu watatoka na faida usiku huo. Kwa bahati tu. Mwenye kundi la WhatsApp anahitaji hao tu: wanatuma picha za chipu, wanamshukuru, naye anazibandika kundini. Waliopoteza wananyamaza kwa aibu, au wanaambiwa hawakufuata maelekezo. Ndivyo ushahidi wote unaouona kwenye makundi hayo unavyotengenezwa, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kudanganya.

Programu yenyewe ni mbaya kuliko bure. Umeuliza kama unaweza kukamatwa. Kuhesabu kwa kichwa chako si kosa la jinai. Tena Atlantic City una ulinzi ambao Las Vegas hawana: mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, katika kesi ya mhesabuji Ken Uston na kasino ya Resorts, iliamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu. Wanaweza kuchanga karata mapema au kukubana dau, lakini si kukutoa. Nevada wanakutoa, na ukirudi baada ya kukatazwa unakuwa umeingilia mali ya mtu. Ila ukitumia kifaa kukusaidia kuhesabu, habari inabadilika. Nevada ilipitisha sheria ya kukataza vifaa hivyo mwaka 1985, na New Jersey nayo inavikataza. Huyo anayetaka dola 150 anakuuzia njia ya kuligeuza jambo halali kuwa kosa, huku kamera ikiwa juu ya kichwa chako, na yeye kwenye kesi hiyo hatakuwepo.

Wengine watakwambia achana na kasino, ukahesabu mtandaoni. Kwenye blakijeki za kompyuta karata huchangwa upya kila raundi, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu, hesabu yako inaanza sifuri na kufia sifuri. Zile za video, zenye mgawaji wa kweli, kwa kawaida hutumia pakiti nane na kuzichanga zikifika kama nusu, kabla hesabu haijapata uzito. Mezani nako kuna mashine zinazorudisha karata ndani mfululizo. Ukiiona, pita.

Na wapo wa kuzidisha dau mara mbili kila ukipoteza. Anza na dola 25, poteza mara saba mfululizo, umeshatoa dola 3,175, na dau la nane linatakiwa liwe dola 3,200 ili upate faida ya dola 25. Meza nyingi za kiwango hicho haziruhusu hata kuliweka. Ndugu zetu wa Dar na Nairobi wanauziwa kitu hicho hicho kwa jina la utabiri wa mchezo wa ndege kwenye simu: lipia, utajulishwa ndege itaanguka lini. Hajui. Anajua tu kwamba wewe umepoteza na unataka kurudisha, na mtu wa namna hiyo hulipa haraka kuliko wote.

Ndiyo maana sentensi yako ya kurudi kuzikomboa imenitia wasiwasi kuliko mengine yote. Hizo 400 zimeshaondoka. Kisanduku kijacho hakijui kwamba unakidai. Usiende wiki hii, na hiyo 150 usimpe mtu. Kama ni hesabu unayoipenda, fanyia nyumbani ukiwa na pakiti sita, ugawanye kwa pakiti zilizobaki kila raundi, na ujifunze kanuni ya msingi mpaka 15 dhidi ya kumi isikutetemeshe. Hilo halina gharama.

Lakini kama pesa ile ilikuwa ya kodi ya nyumba, au umemficha mtu wa kwako kwamba imepotea, acha karata kabisa kwa sasa, mwambie huyo mtu leo, na upige 1-800-GAMBLER. Ni simu ya bure ya msaada kwa waliobanwa na kamari, inapokelewa usiku na mchana, na hapo New Jersey inafanya kazi.