Maswali na Majibu: Fremu Iliyochubuka Rangi Iuzwe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina fremu ya baiskeli ninayotaka kuiuza. Ni ya alumini, ipo pamoja na uma wake unaoshika gurudumu la mbele, na vifaa vyake vingine nimekwisha kuvihamishia kwenye baiskeli nyingine. Sijawahi kugonga kitu nayo, lakini bomba la juu lina mbonyeo mdogo wenye upana kama wa ukucha wa kidole gumba, rangi imechubuka upande wa mnyororo, na stika mbili zimebanduka nusu. Rafiki yangu ananishauri niipige rangi upya ndipo nitangaze, ilhali kaka yangu anasema niiuze kama ilivyo na nisiutaje mbonyeo huo mpaka mnunuzi auone mwenyewe. Nimsikilize nani kati yao? — Msomaji, jina tunalo.

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wanakuelekeza kuficha, mmoja kwa rangi na mwingine kwa kunyamaza, na njia zote mbili zitakupunguzia bei. Mtu anayenunua fremu iliyotumika huwa na hofu moja inayozidi nyingine zote, nayo ni kwamba chini ya rangi kuna ufa ambao utakuja kujulikana siku yeye yuko juu ya tandiko. Akiiona fremu ya zamani imepakwa rangi mbichi, swali lake la kwanza litakuwa ni kitu gani kimefunikwa, na hutakuwa na namna ya kumjibu kwa sababu ushahidi wenyewe utakuwa umekwisha kuufunika. Rangi ya kiwandani iliyochubuka, kinyume chake, inamruhusu asome historia ya fremu kwa macho yake. Kwa hiyo acha rangi ilivyo. Ingekuwa fremu ya chuma tungekushauri upake rangi kidogo palipochubuka hadi kwenye chuma chenyewe ili kutu isianze, upige picha kabla ya kupaka, na umweleze mnunuzi kwamba umefanya hivyo.

Hata hivyo, kabla hujaandika katika tangazo kwamba kasoro ni za nje tu, hakikisha kwamba kweli ni za nje tu. Ioshe fremu kwa maji na sabuni, uikaushe, kisha uishike mahali penye mwanga unaotoka ubavuni, kwa kuwa mwanga wa kutoka juu hufuta vivuli ambavyo ndivyo vinavyoonyesha kasoro. Anzia nyuma ya bomba fupi la usukani, chini ya mahali ambapo bomba la juu na bomba la chini yameungana nalo. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele mara nyingi huacha alama hapo: rangi hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, au bomba huvimba kidogo kiasi kwamba kidole hulihisi kabla jicho halijaliona. Ukikuta alama ya namna hiyo, fremu yako imetoka katika kundi la kasoro za nje na haifai kuuzwa kwa mtu atakayeipanda. Kisha kagua sehemu zote zilizochomelewa, hasa kuzunguka ekseli ya pedali (yaani bomba fupi la chini ambamo ekseli ya mikono ya pedali huzungukia), mahali nguzo ya tandiko inapobanwa, na ncha za nyuma zinazoshika ekseli ya gurudumu. Mstari mwembamba unaofuata ukingo wa kiungio na kuunasa ukucha unapoupitisha juu yake unapaswa kuonwa na fundi kabla ya kuonwa na mnunuzi.

Kuhusu mbonyeo wenyewe, mahali ulipo panaeleza mengi. Baiskeli inapoanguka kwa ubavu, usukani huzunguka na ncha yake, au mkono wa breki, hulipiga bomba la juu. Ndiyo maana fremu nyingi zilizotumika zina alama hiyo hiyo mahali hapo hapo. Mabomba mengi ya fremu nyepesi hutengenezwa yakiwa manene kwenye ncha na membamba katikati, kwa hiyo katikati ndipo yanapobonyea kwa urahisi. Mbonyeo wa kina kifupi, wenye kingo laini, ulio mbali na viungio na ambao rangi yake haijapasuka, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni dosari ya sura. Wenye kingo kali, au ulio karibu na kiungio, ni jambo jingine, kwa sababu alumini hukusanya uchovu kila inapotikiswa na ufa hupenda kuanzia pale nguvu inapojikusanya. Usijaribu kuunyoosha kwa nyundo. Fundi stadi anaweza kupunguza mbonyeo kwenye bomba la chuma kwa kulibana na kuliviringisha ndani ya kibao chenye tundu, lakini alumini haivumilii kukunjwa huku na huku. Fremu ya nyuzi za kaboni ndiyo isiyosamehe kabisa: haibonyei, bali hupasuka ndani, na mara nyingine kwa nje huonekana mkwaruzo tu.

Lipo jaribio jingine ambalo utalifanya kwa uzi na rula, na ambalo wauzaji wachache hujisumbua nalo. Funga uzi kwenye ncha moja ya nyuma, uuvute mpaka mbele, uuzungushe kwenye bomba la usukani, kisha uurudishe na kuufunga kwenye ncha ya pili ukiwa umekaza. Pima umbali kati ya uzi na bomba la tandiko upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Vipimo vikilingana, au vikipishana kidogo mno, fremu imenyooka. Vikipishana kwa milimita kadhaa, sehemu ya nyuma imepinda. Piga picha ya rula ikiwa imesimama penye uzi kila upande, uziweke picha hizo katika tangazo, na utaona kwamba mazungumzo kuhusu stika zilizobanduka yanakwisha haraka.

Sasa tuje kwenye tangazo. Anza na vipimo, kwa maana fremu isiyomwenea mnunuzi au isiyopokea vifaa vyake haitamfaa hata ikiwa mpya. Andika urefu wa bomba la tandiko kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi juu, na urefu wa bomba la juu ukiupima kwa usawa wa ardhi hata kama bomba lenyewe limeinama. Andika kipenyo cha nguzo ya tandiko, ambacho mara nyingi huwa kimechongwa kwenye nguzo yenyewe, 27.2 mm ni cha kawaida sana, lakini nguzo hupishana kwa sehemu mbili za kumi za milimita, na nguzo isiyo yake hulegea au hukwama. Andika nafasi iliyopo kati ya ncha za nyuma: 130 mm huonekana kwenye baiskeli nyingi za barabarani zenye breki za kubana ringi, 135 mm kwenye nyingi za milimani za miaka iliyopita, na 142 mm kwenye nyingi zenye ekseli nene ya kupenya. Upana wa bomba fupi la ekseli ya pedali, ambao mara nyingi ni 68 mm, uandike pia, na useme kama lina nyuzi za kufungia au vifaa vyake hushindiliwa. Vikombe vya beringi za usukani, kama bado vimo, viache humo.

Baada ya vipimo, taja kasoro moja moja na mahali zilipo, bila kuzikuza wala kuzipamba. Sentensi kama “mbonyeo mmoja katikati ya bomba la juu, upande wa kushoto, kina kisichofikia milimita 2, rangi haijapasuka” inatosha, mradi kina hicho umekipima. Picha ya kwanza ionyeshe fremu nzima upande wa mnyororo, ya pili upande wa pili, kisha uisogelee kila kasoro ukiwa umeweka rula au sarafu kando yake, kwa sababu mkwaruzo uliopigwa picha kwa karibu bila kipimo huonekana kama korongo. Piga picha kivulini mchana, wala usiipake fremu mafuta ili ing’ae.

Namba ya fremu, ambayo mara nyingi huchongwa chini ya ekseli ya pedali, isomeke vizuri, na kama una risiti uliyonunulia useme hivyo. Mnunuzi makini anaogopa mali ya wizi karibu sawa na anavyoogopa ufa.

SWALI: Niliitangaza fremu yangu na kutaja mikwaruzo yake yote. Mnunuzi amekuja, ameitazama, na sasa anadai punguzo kwa ajili ya mikwaruzo ile ile. Nifanyeje? — Msomaji mwingine.

JIBU: Mweleze kwa adabu kwamba bei uliyotangaza ilikwisha kuihesabu mikwaruzo hiyo, na mfungulie tangazo alisome mbele yako. Akionyesha kasoro ambayo hukuitaja, hapo ana haki na mnapaswa kuzungumza. Ili usimame imara katika hoja hiyo, bei yenyewe iwe imetokana na fremu za aina hiyo zilizokwisha kuuzwa, wala si bei wanazoomba wauzaji ambao bado wanasubiri wateja. Punguzo kwa ajili ya rangi iliyochubuka huwa dogo. Gharama ya kupiga rangi fremu nzima si kipimo chake, kwa kuwa wanunuzi wengi hawatapiga rangi hata kidogo.

SWALI: Mnunuzi wangu yuko mbali na nitamtumia fremu kwa mzigo. Naogopa ifike na mikwaruzo mipya. — Msomaji.

JIBU: Ogopa zaidi ncha za nyuma. Fremu isiyo na gurudumu haina kitu cha kuzitenganisha, na mzigo mzito ukiwekwa juu yake zinaweza kubanwa zikakaribiana. Kata kijiti chenye urefu sawa na nafasi iliyopo kati yake, au tumia kipande cha plastiki ambacho maduka ya baiskeli hukitupa baada ya kufungua baiskeli mpya, ukifunge hapo kisicheze. Fanya vivyo hivyo kwenye ncha za uma. Yavike mabomba sifongo za kufunikia mabomba ya maji, usiache chuma kiguse chuma, na uma uufunge peke yake ili usiligonge bomba la chini. Piga picha za kila upande kabla ya kufunga boksi na umtumie mnunuzi siku hiyo hiyo, kisha muandikiane kabla mzigo haujaondoka ni nani atakayebeba hasara ikitokea njiani.