Wasomaji Wauliza: "Angalia duka, nakuja"

SWALI: Assalaam aleykum. Mwanangu ana umri wa miaka 23 na ana usonji (autism). Anasoma na kuandika vizuri, na hesabu hazimsumbui. Mwaka jana jirani yetu alimchukua katika duka lake la vipuri vya magari, lakini baada ya wiki tatu akamrudisha nyumbani akisema kijana ni mwema ila hana akili ya duka. Siku moja alimwambia, "Angalia duka, nakuja sasa hivi," akaenda zake. Aliporudi baada ya saa mbili aliwakuta wateja wamejaa mlangoni, na mwanangu amesimama wima, analitazama duka. Je, nimpeleke mafunzo zaidi kwanza? Na akipata kazi nyingine, tumfiche mwajiri hali yake?
Mama wa Kisauni

JIBU: Wa aleykum salaam, dada yangu. Kwa maelezo yako, kijana aliambiwa aangalie duka, naye akaliangalia. Aliambiwa pia kwamba mwenyewe anakuja, wakati mwenyewe anaondoka. Sisi wa Pwani tumelizoea neno hilo hata hatulisikii tena, lakini mtu mwenye usonji mara nyingi huyapokea maneno kama yalivyotamkwa. Laiti angeambiwa, "Mteja akija, muulize anataka nini, tazama bei kwenye daftari, pokea pesa, andika; mimi nitarudi saa nane," huenda leo angekuwa bado yuko pale.

Kwa sababu hiyo sikushauri umrudishe darasani kwa mwaka mwingine. Wengi wenye usonji hupata shida kuchukua walichojifunza mahali pamoja na kukitumia mahali pengine, na ndiyo maana msaada unaofaa zaidi ni ule unaotolewa palepale kazini. Mpango uitwao Project SEARCH, ulioanzia katika hospitali ya watoto mjini Cincinnati, Marekani, mwaka 1996, umejengwa juu ya wazo hilo: vijana wenye ulemavu wa makuzi hujifunza ndani ya hospitali yenyewe, wakihamia idara moja baada ya nyingine, huku kando yao akiwapo mtu wa kuwaelekeza, ambaye hupunguza msaada wake kadiri wanavyoizoea kazi.

Huku kwetu si lazima usubiri mpango wa aina hiyo. Mtafute binamu au rafiki mwenye subira, akae na kijana kazini kwa wiki mbili za mwanzo, amwandikie hatua za kazi kwenye karatasi ya kubandika ukutani, kisha ajiondoe polepole. Kazi yenyewe iwe na mpangilio unaojulikana, kama vile kuhesabu mali ya stoo, kupanga dawa kwenye rafu au kukunja mashuka katika dobi la hoteli. Safari nayo ni sehemu ya kazi: ikiwa atavuka feri ya Likoni, mvuke pamoja mara kadhaa kwa saa zilezile za msongamano, maana kelele na kusukumana vinaweza kumchosha kabla hajafika. Mwombeni mwajiri pia atoe taarifa mapema ratiba inapobadilika, kwa mfano Ramadhani inapokaribia.

Ama suala la kuficha, uamuzi si wako peke yako, kwa kuwa yeye ni mtu mzima, muulize. Rai yangu ni kwamba jina la hali linaweza kungoja, lakini mahitaji yasingoje: "Mpe agizo moja kwa wakati mmoja, na likiwa refu mwandikie" ni sentensi ambayo mwajiri yeyote anaweza kuitekeleza.

Hata hivyo, akitaka haki zake za kisheria itambidi ajitambulishe. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Mwanzo wa yote ni kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo ndio pia unaomwezesha kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Kadi ya usajili huo ina faida, ila haitamfafanulia maana ya "nakuja".

SWALI: Katika ghala letu huku Changamwe tumeajiri kijana mwenye usonji. Kazi anaijua, lakini wenzake wananung'unika kwamba hasalimii. Nifanye nini?
Msimamizi

JIBU: Hapa Mombasa kupita watu bila salamu ni kosa kubwa, kwa hiyo nawaelewa wenzake. Kaa na kijana faraghani umweleze waziwazi desturi hiyo: akifika asubuhi awasalimu mara moja wote waliopo, na baada ya hapo hadaiwi salamu tena hadi kesho yake. Kisha, kwa idhini yake, waambie wenzake kwamba akishaanza kuhesabu magunia wasimkatize kumuuliza habari za nyumbani, kwa sababu itambidi aanze upya kutoka gunia la kwanza.