Finasteride miezi miwili, bado nywele zinadondoka

Kaka, miezi miwili ya finasteride, dawa ya upara, ni mapema mno kusema dawa imegoma. Inapunguza homoni ya DHT inayodhoofisha mizizi ya nywele, na nywele zenyewe hukua polepole. Wengi huona tofauti baada ya miezi 3 hadi 6, wengine hata mwaka. Kuacha kudondoka ndiyo faida kubwa, kuota upya ni nyongeza. Ukiiacha, ulichopata kinapotea.

Dozi ya upara ni miligramu 1 kwa siku. Ile ya miligramu 5 ni ya tezi dume, usikate vidonge vyake mwenyewe ili upate dozi ndogo, hasa kama shemeji ni mjamzito: hatakiwi kushika vipande vyake. Hamu ya tendo ikishuka au ukijisikia mnyonge moyoni, rudi kwa daktari mapema.