Simu zinakimbia, laptopu moja inatambaa

Mwangaluka wakuu.

Mkuu mmoja wa Buswelu, hapa Mwanza, ameuliza hivi: nyumbani ana kifurushi cha intaneti cha Mbps 30 (megabiti kwa sekunde), simu yake na ya mkewe zinapima 25 mpaka 28, lakini laptopu ikiwa juu ya meza hiyohiyo inapima 2. Mtoa huduma amemshauri apandishe kifurushi. Waliotangulia kumjibu, nusu wamesema apige upya Windows, nusu wamesema abadili ruta. Mkuu, shika hela yako kwanza. Mwaka juzi nilipita njia hiyohiyo na kila kosa nililolifanya nililipia.

Kifurushi usikiguse. Simu ikipata 28 maana yake maji yamefika kwenye tenki, bomba moja la jikoni ndilo limeziba. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, tulilia wote, wa simu, wa TV, wa ofisini. Hilo ndilo tatizo la mtandao. Kifaa kimoja kikilia peke yake huku vingine vinacheka, mtoa huduma hahusiki, hata kama una hasira naye kwa mambo mengine.

Mimi naishi Mabatini, upande wa mlimani. Wanaopajua wanajua nyumba zetu zilivyobanana na mawe. Dirisha la chumba ninachofanyia kazi linatazama jabali kubwa kuliko daladala. Laptopu ilipoanza kutambaa nikalisingizia jabali. Ni kweli jiwe na ukuta mnene vinakula mawimbi ya Wi-Fi, ila jiwe halichagui. Kama simu ikiwa mezani hapo inapata 28, jiwe halina kesi. Hilo sikulifikiria. Nikashuka mjini kununua ripita, kile kifaa cha kurusha Wi-Fi mbele zaidi, kwa shilingi 60,000, nikaifunga kwenye korido, laptopu ikatoka 1.9 ikaenda 2.3. Wiki iliyofuata nikapiga upya Windows, Jumamosi nzima, na nikapoteza mafaili ya hesabu za duka niliyodhani nimeyahifadhi kwenye flashi. Spidi ikabaki palepale. Nikampigia mtoa huduma mara tatu. Yule binti wa huduma kwa wateja alinivumilia sana, nikikumbuka leo naona aibu.

Aliyenitoa gizani ni dogo mmoja fundi simu wa Buzuruga, alikuja kuleta simu ya mama watoto aliyokuwa ameibadilisha kioo. Akanikuta nimeinamia laptopu nasonya.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Hii mashine, mtandao haupandi."

"Simu inapanda?"

"Simu inapanda."

Hakugusa ruta. Alichomoa waya wa chaji wa simu, akachomeka upande mmoja kwenye simu yangu na mwingine kwenye laptopu, akazima Wi-Fi ya laptopu, akaacha Wi-Fi ya simu ikiwa imewaka, kisha kwenye simu akawasha ile sehemu ya kushea intaneti kwa USB. Simu ikawa inavuta Wi-Fi ya nyumbani na kuipitisha kwenye waya hadi kwenye laptopu. Tukapima: 27.

Mkuu, hapa ndipo penye jibu lako, na hakuna hela inayotoka. Simu nyingi za Android zinakubali kushea Wi-Fi kwa njia hii. Angalia tu waya usiwe ule wa chaji peke yake, maana kuna waya hazipitishi data kabisa, na hakikisha data ya laini imezimwa usije ukapima bando badala ya Wi-Fi. Ukipata 25 na kuendelea kupitia waya, basi Windows yako ni nzima, programu zako ni nzima, na mgonjwa ni kadi ya Wi-Fi ya laptopu, antena zake au draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi. Ukipata 2 ileile hata kupitia waya, kadi haina kosa. Kuna kitu ndani ya mashine kinakula mtandao. Jaribio la dakika tano, linakata tatizo katikati.

Ya kwangu ilikuwa 27, kwa hiyo tukabaki na kadi. Dogo akafungua lile dirisha jeusi la amri, cmd, akaandika `netsh wlan show interfaces`. (Kwenye Windows 11 mpya huenda ikakudai uruhusu kwanza huduma ya mahali ulipo, usishangae.) Inatoka orodha ndefu, wewe tafuta mistari minne tu: "Channel", "Receive rate", "Transmit rate" na "Signal". Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye ruta, naiona inavyopepesa taa, na mashine ikasema Signal 38%, kupokea 13, kutuma 6.5.

Hizo namba zina maana yake. Si spidi ya intaneti, ni spidi ambayo laptopu na ruta vimekubaliana kuongea. Kwenye 2.4 GHz (mojawapo ya masafa ya redio ya Wi-Fi) yenye njia ya kawaida ya upana wa 20 MHz, kadi ya kizazi cha 802.11n yenye antena moja inafika 72, yenye antena mbili 144. Ukiona 6.5, hiyo ni daraja la chini kabisa la kizazi hicho, mashine imeteremka mpaka huko kwa sababu haisikii vizuri. Na kwenye hiyo namba, unachokipata kweli ukipima intaneti ni kama nusu yake, mara nyingine chini ya hapo. Kwa hiyo 2 yangu haikuwa muujiza.

Halafu kuna jambo ambalo lilikuwa linanichanganya muda mrefu: kila nilipoanza kupakua kitu kwenye laptopu, TV ya sebuleni nayo ilikuwa inakwama. Dogo akaniambia ni kama daladala la Igoma, abiria mmoja akisimama mlangoni anahesabu sarafu, gari zima linamsubiri. Hewa ni moja, vifaa vinapokezana. Kifaa kinachoongea polepole kinakaa na zamu muda mrefu kutuma data ileile. Laptopu moja mgonjwa inaweza kuwafanya wenzake waonekane wagonjwa pia.

Ndipo akauliza swali ambalo kati ya watu wote niliowalilia hakuna aliyeniuliza: "Hii mashine imewahi kufunguliwa?"

Ilikuwa imefunguliwa. Feni ilikuwa inapiga kelele, nikaipeleka kwa fundi mjini akaisafisha na kubadili feni. Sikuunganisha mambo haya mawili kwa sababu baada ya hapo nilikaa karibu mwezi natumia mashine ofisini, ambako tunachomeka waya wa mtandao. Niliporudi kufanya kazi nyumbani ndipo nikaona spidi imekufa, nikadhani imekufa siku ile.

Tukaizima, tukafungua skrubu za chini, akachomoa betri kwanza. Kadi ya Wi-Fi ni kijisahani kidogo chenye skrubu moja, ukubwa wa stempu ya barua. Kwake zinakuja nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, moja nyeusi moja nyeupe, zinatoka kwenye kioo kupitia kwenye bawaba. Hizo ndizo antena. Zenyewe zimejificha kuzunguka kioo. Mwisho wa kila waya kuna kikofia cha duara, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Ule mweusi ulikuwa umelala chini ya feni mpya, umebanwa mpaka ganda limekunjika. Ule mweupe ulikuwa umeegeshwa juu ya kitundu chake lakini haujashikwa; ukiugusa unacheza. Akausafisha mweusi, akauweka sawa juu ya kitundu, akausukuma kwa ukucha wa kidole gumba. Ukalia "ta". Wa pili, "ta". Tukarudisha betri, tukawasha.

Signal 97%, kupokea 144. Spidi 27.

Alikataa hela, nikamlazimisha chakula. Kwa yule fundi wa feni sikurudi kugombana. Vikofia vile ukivisukuma bila kulenga vinalala upande na macho hayaoni.

Kwa hiyo mkuu, kama laptopu yako ni ya mtumba, nyingi mno zimepita mikononi mwa mafundi wawili watatu kabla hazijafika kwetu, anzia hapo. Kama hujui kufungua, usijifunzie kwenye mashine ya kazi. Mpelekee fundi, mwambie maneno haya: "nikagulie nyaya za antena za Wi-Fi." Ni kazi ndogo.

Sasa tuseme Signal yako ni nzuri, 80 kwenda juu, na bado namba za kupokea ni ndogo. Hapo angalia mstari wa "Channel", yaani chaneli, namba ya njia ya redio unayotumia. Kuanzia 1 mpaka 14 uko kwenye 2.4 GHz, 36 na kuendelea uko kwenye 5 GHz. Mara nyingi simu iko 5 na laptopu iko 2.4, halafu unalinganisha farasi na punda. Huku kwetu mlimani 2.4 ni mnada: nyumba za juu na za chini zinatazamana bila kizuizi, mimi nikiwa chumbani naona mitandao 20 na zaidi ya majirani. Kama laptopu inaijua 5 GHz, ihamishie huko, ila kumbuka 5 inachoka haraka ikikutana na kuta. Kujua kama inaijua, andika `netsh wlan show drivers`, ukiona 802.11ac au ax imetajwa, inaijua. Ukiona mwisho ni n, huenda ni ya 2.4 peke yake. Basi ingia kwenye ruta uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameiacha, kwa sababu hizo tatu hazigongani.

Ikiwa spidi ni nzuri kwenye chaja na mbovu kwenye betri, ni mpangilio wa kubana umeme unaoilaza kadi. Nenda kwenye mipangilio ya kadi uondoe ruhusa ya kompyuta kuizima. Hili utaliona hasa siku za umeme kukatika.

Kama una hard disk ya nje ya USB 3 imechomekwa pembeni, ichomoe upime tena. Intel wenyewe walichapisha mwaka 2012 kwamba USB 3 inatoa kelele za redio kwenye 2.4 GHz. Nilidhani ni hadithi mpaka nilipoona kwa jirani yangu.

Na kama jaribio la waya lilikupa 2, sikiliza: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager, panga orodha ya programu kwa safu ya mtandao. Kwa shemeji yangu Nyakato tulikuta programu ya kuhifadhi picha inapandisha picha za harusi, maelfu, tangu Ijumaa. Njia ya kupandisha ikijaa, hata kushusha kunakwama. Angalia pia VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) uliyoisahau imewaka, na masasisho ya Windows.

Jambo la mwisho dogo, maana limewaumbua wengi: kivinjari kikionyesha 3 wakati wa kupakua, hiyo ni megabaiti. Zidisha kwa 8, ni megabiti 24, uko salama. Wewe hata hivyo umesema umepima kwa tovuti ileile kwenye simu na laptopu, kwa hiyo sidhani kama ni hilo.

Fanya jaribio la waya leo jioni, uniandikie hapa namba zile nne na uniambie kama mashine imewahi kufunguliwa. Na ile ripita ya 60,000 bado iko kabatini kwenye boksi lake. Ukigundua nyumba yako ina kona ambayo hata simu haishiki, njoo Mabatini uichukue bure.